Kumtafuta Steringi wa Kike Hong Kong

Wengi wetu tunaofuata mzigo Guangzhou hurudi Dar bila kuiona Hong Kong, na sababu ni viza. Ukiwa na viza ya China ya kuingia mara moja, ukishavuka kwenda Hong Kong ndiyo imekwisha hiyo, huna ruhusa ya kurudi. Mimi niliiweka mwisho: mzigo nikamkabidhi wakala, tiketi ya ndege nikaikata ya kutokea Hong Kong, halafu nikapanda treni ya mwendokasi. Ni kama saa moja tu, muda ambao mtu wa Mbagala asubuhi bado yuko kwenye foleni. Stesheni ya West Kowloon wanakutoa China na kukuingiza Hong Kong ndani ya jengo hilohilo.

Mwenzangu tuliyesafiri naye alitaka maduka. Mimi nilikuwa na shida zangu.

"Dada, yaani unayaacha maduka yote haya unafuata picha la kichina?"

Ndiyo. Nimekulia vibanda vya video, mtafsiri akitutajia steringi kabla watu hawajakaa vizuri, na steringi alikuwa mwanamume karibu kila siku. Lakini mara mojamoja iliingia kanda yenye msichana anayewapiga wanaume ishirini, na kibanda kizima kinasimama. Hao ndio niliowafuata.

Nilianzia Tsim Sha Tsui, Barabara ya Nyota, kando ya bahari. Alama za mikono ya waigizaji zimewekwa kwenye vyuma vya ukingo, unaweka kiganja chako juu yake. Foleni yote iko kwa sanamu ya Bruce Lee, iliyosimamishwa mwaka 2005. Kuna sanamu ya Anita Mui pia, lakini pale amekaa kimwimbaji. Usingejua kwamba mwaka 1993, katika The Heroic Trio, alivaa barakoa akapigana bega kwa bega na Michelle Yeoh na Maggie Cheung. Sikukaa sana. Jua kali, na watu wa selfi ni wengi.

Diamond Hill ndiko nilikotulia. Ukitoka stesheni ya treni kuna Chi Lin, makao ya watawa wa kike wa Kibudha, yamezungukwa na maghorofa pande zote. Majengo yake ya mbao yamejengwa kwa mtindo wa enzi ya Tang, mbao zinashikana kwa kuchongwa bila msumari. Mahali hapo panahusika na ngumi kwa njia moja: hadithi za Wachina wa kusini zinasema mtindo wa Wing Chun ulibuniwa na mtawa wa kike, Ng Mui, akamfundisha msichana Yim Wing-chun aliyekuwa analazimishwa kuolewa na mbabe mmoja. Ni hadithi, si historia. Ila mtindo huo ndio aliojifunza Bruce Lee kijana, huyo wa kwenye foleni.

Kutoka hapo nikapanda basi namba 91 la kwenda Clear Water Bay, kwa sababu njia hiyo inapita studio za zamani za kampuni ya filamu ya Shaw, zilizofunguliwa mwaka 1961. Waigizaji waliishi humohumo kwenye mabweni. Mmoja wao alikuwa Cheng Pei-pei, msichana wa Shanghai aliyejifunza baleti. Mwongozaji King Hu alipotaka mtu wa kushika visu viwili vifupi katika Come Drink with Me ya mwaka 1966, hakutafuta bingwa wa ngumi; alimchukua huyu. Kwa King Hu pambano lilikuwa dansi, lenye mapigo ya ngoma za opera ya Kichina.

Na si Cheng peke yake. Angela Mao alitoka kwenye shule ya opera. Michelle Yeoh, binti wa Ipoh, Malaysia, alikwenda Uingereza kusomea baleti, akaumia mgongo. Kara Hui aliuza jojo kwa mabaharia wa Kimarekani mitaa ya Wan Chai akiwa mtoto, baadaye akacheza dansi klabu ya usiku. Wanaosema wasichana hawa walikuwa wanacheza tu, hawapigani, wamesema kweli bila kujua wanachosifia. Kamera haipimi uzito wa ngumi. Inataka mtu anayejua mguu wake uko wapi.

Siku iliyofuata nikashuka Sai Wan Ho, kwenye Hifadhi ya Filamu ya Hong Kong, nikakaa kuitazama ile ya 1966 toka mwanzo. Cheng anaingia kwenye nyumba ya wageni amevaa kiume, anakaa mezani. Majambazi wanamzunguka mmojammoja, wanajifanya wateja. Yeye anatulia, macho tu ndiyo yanahesabu. Dakika zinakwenda hakuna aliyerusha teke, na mimi mikono inatoka jasho. Akija kunyanyuka, ni mapigo matatu manne, kisha anatulia tena. Filamu za leo zinakata picha kila nusu sekunde. Pale unaona mwili mzima ukigeuka.

Kinachoniudhi ni nusu ya pili. Anarushiwa kishale chenye sumu, anaokolewa na mlevi mmoja, na pambano la mwisho wanalichukua wanaume. Miaka miwili baadaye ikatoka Golden Swallow, jina la filamu ni la mhusika wake, lakini hadithi akapewa mwigizaji wa kiume, Jimmy Wang Yu. Ndivyo ilivyokuwa: waongozaji wakaanza kutaka vifua vya wanaume, wanawake wakasogezwa pembeni. Lakini tuzo za filamu za Hong Kong zilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, mwigizaji bora wa kike alikuwa Kara Hui, kwa My Young Auntie, filamu ya ngumi na vichekesho. Ndani yake ni msichana mdogo ambaye kwa ndoa amekuwa shangazi wa mzee mwenye mvi, na mzee analazimika kumwamkia. Mswahili hahitaji kutafsiriwa hapo.

Jioni mwenzangu akaniuliza kama huyo steringi wangu aliolewa mwishoni.

"Hakuolewa."

"Na Michelle?"

Nikamwambia Michelle alichukua Oscar mwaka 2023. Akaniambia hiyo anaijua, anachotaka kujua ni kama bado anapiga mateke. Nikamwonyesha kwenye simu pale anapoirusha pikipiki juu ya treni inayokimbia, katika Police Story 3 ya mwaka 1992. Akairudisha nyuma mara kadhaa, kisha akaniuliza hiyo kanda nzima inapatikana wapi.