Hemu, mabibo na sahani ya Baba

Leo umeme ulikatika saa tisa, na niliporudi kutoka kazini friji lilikuwa limeshaanza kutoa jasho. Humo ndani palikuwa na kitu kimoja cha kunitia hofu: kipande cha hemu, ile nyama ya nguruwe ya chumvi, kama nusu kilo hivi, alichokuja nacho mdogo wangu juzi kutoka Dar es Salaam ndani ya deli lenye barafu. Zamani kitu kama hicho kisingefika huku. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka Rufiji kwa pantoni, na masika ilikuwa safari ya kulala njiani. Sasa basi linatoka Dar alfajiri na jioni lipo Mtwara. Nyama imekuja salama, halafu umeme wa hapa nyumbani ndio uiharibu? Nikaamua inapikwa usiku huu huu.

Baba yuko kwangu hapa Chuno tangu mwezi wa saba. Mama alitutoka mwezi wa sita, kule Newala, na toka hapo chakula kwake kimekuwa kama dawa, anakimeza kwa sababu kimewekwa mbele yake. Anamega matonge mawili, matatu, ananawa. "Nimeshiba, mama." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nimempikia changu wa nazi, nimempikia kisamvu cha karanga, nimemchinjia kuku wa kienyeji. Matonge ni yale yale.

Mdogo wangu alisema hemu inakwenda na nanasi. Nanasi sikuwa nalo, na kwenda Soko Kuu na kurudi giza lingeniwahi. Nikasimama mlango wa uani natazama mkorosho wetu. Ni Oktoba, chini pamejaa mabibo, mekundu na ya njano, mengine yamepasuka na nzi wameshayawahi. Bibo halisubiri mtu. Likidondoka asubuhi ni zuri, kesho limelegea, keshokutwa linanuka pombe. Ndiyo maana wengi huku wakishachukua korosho yao bibo wanaliacha lioze, au wanalikamua uraka, pombe yake. Nikaokota manane ambayo ngozi ilikuwa bado imekaza. Nikazinyonga korosho zake moja moja, nikazipanga dirishani.

Tatizo la bibo ni ukakasi. Ukilitafuna hivi hivi linakushika ulimi na koo, na maji yake yakidondokea shati jeupe, shati hilo umeliaga. Lakini bibi yetu alikuwa na namna yake. Alikuwa anatukatia vipande kwenye bakuli, ananyunyiza chumvi, anatuzuia tusiguse mpaka vitoe maji. Akiyamwaga yale maji, ukakasi umepungua, umebaki utamu wenye chumvi kwa mbali. Tulikuwa tunagombania bakuli lile kuliko chakula chenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia nyama ya chumvi na tunda tamu ni mapishi ya Kizungu, mimi namkumbuka bibi na bakuli lake la bati.

Nikafanya kama yeye: vipande virefu, chumvi, dakika kumi, kukamua kidogo na kusuuza mara mbili. Hemu nayo nikaikata vipande vya upana wa kidole, nikaimwagia maji ya moto, nikayaacha kidogo kabla ya kuyamwaga. Niliyaonja yale maji, ni chumvi tupu. Baba ana presha, kwa hiyo kwenye kikaango sikutia hata chembe nyingine.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshachemsha ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, na makusudi nilianza nayo. Jirani yangu ni Muislamu, uani ni kwetu sote, bomba letu moja, hata kamba ya kuanikia nguo ni moja. Ming'oko ikatoka kwenye sufuria safi, mwanangu akampelekea bakuli lake ingali ya moto. Ndipo nikahamishia jiko la mkaa kule pembeni, ambako upepo wa baharini unaupeleka moshi mbali na mlango wake. Hajawahi kuniomba hilo. Ila kikaango cha nguruwe kina kamba yake ukutani, na nakiosha mwenyewe kwenye beseni lake, si pale bombani.

Hemu hii imeshaivishwa inakotengenezwa, ndiyo maana ni chakula cha haraka. Nikaiacha ijikaange kwa mafuta yake mpaka pembeni ikashika rangi, nikaiepua. Katika mafuta yale yale kitunguu, tangawizi, kisha mabibo. Yakaanza kulia na kutoa mchuzi wa rangi ya chungwa. Nikatia kijiko cha asali, nusu ndimu na pilipili moja nzima bila kuipasua. Hapo usiondoke jikoni, utamu wa matunda na asali ukishakutana na moto mkali unaungua mara moja, na uchungu wake hautoki. Mchuzi ulipoanza kunata nikairudisha nyama, nikageuza mara mbili tatu, nikaepua. (Kwa nanasi ningepika vile vile, ila nyama nisingeiloweka humo muda mrefu. Nanasi bichi ni kama papai bichi, linalainisha nyama mpaka inakuwa uji.) Juu nikanyunyiza korosho za kukaanga. Za Baba nilizitwanga kwanza, meno hayamruhusu.

Tukala kwa taa ya sola. Baba aliinua kipande, akakisogeza kwenye mwanga.

"Hii nini?"

"Nyama, Baba. Na mabibo."

"Mabibo?"

"Ya hapo nje."

Akatafuna polepole. Maisha yake yote amekuwa mkulima wa korosho, ameyakanyaga mabibo zaidi ya miaka hamsini, na kwenye mchuzi hajawahi kuyaona. Akachovya mng'oko. Akachovya tena. Mwanangu akataka kusema kitu, nikamgusa goti chini ya meza, akanyamaza. Sikutaka chochote kimkatishe.

"Mama yako angezidisha pilipili," akasema.

Toka tumemzika Mama, Baba hajawahi kumtaja mezani. Sikuweza kujibu. Niliichukua ile pilipili nzima kutoka kwenye mchuzi, nikaipasua kwa kijiko pembeni ya sahani yake. Akaichanganya, akala, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mng'oko. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

Alipomaliza kunawa hakusema ameshiba. Aliuliza, "Korosho zake umeweka wapi?"

"Dirishani, Baba. Ziko nane."

Akainuka mwenyewe bila fimbo, akaenda dirishani, akazihesabu kwa vidole gizani. Nane. Akazitia mfuko wa shati, akaenda kulala.