Nilivyoiokoa seva ambayo BIOS yake ilikatikia njiani

Umeme ulikatika BIOS, yaani programu inayoiamsha seva kabla ya mfumo endeshi, ikiwa inasasishwa. Uliporudi, feni za seva zilivuma kwa nguvu zote lakini skrini ilibaki nyeusi na kibodi haikuitika. Hapo wengi hukata tamaa wakasema ubao mama umekufa. Mimi niliigeuza seva nikaanza kukagua mgongo wake, kwa sababu poti zinazookoa seva mara nyingi ndizo ambazo hakuna aliyewahi kuzichomeka kebo.

Nilichokitafuta kwanza ni taa ndogo ya BMC. BMC ni kompyuta kamili iliyomo ndani ya seva, ya kuisimamia ukiwa mbali: ina prosesa yake, kumbukumbu yake na programu dhibiti yake, na hula umeme wa akiba ambao pawasaplai huutoa hata seva ikiwa imezimwa, ilimradi waya uko ukutani. HPE huiita iLO, Dell huiita iDRAC, na wengine husema IPMI tu, kwa jina la itifaki iliyotolewa mwaka 1998 na Intel pamoja na wenzake. BIOS ikifa, yenyewe haina habari. Taa ilikuwa inapepesa kwa mpigo mmoja, nikapata moyo.

Kuifikia ndiko kulikonichosha. Anwani yake ya IP haikuandikwa popote, na nilipochomeka kebo kwenye poti yake maalumu sikupata jibu lolote. Sababu yenyewe inafaa kujulikana: bodi nyingi huja BMC ikiwa imepangwa ijichagulie njia. Inapowaka huangalia kama poti yake ina kebo. Isipoiona, huhamia kwenye poti ya kwanza ya mtandao wa kawaida na kukaa hukohuko. Kwa hiyo kuhamisha kebo peke yake hakusaidii. Nilichomoa nyaya zote mbili za umeme, maana ukichomoa moja tu pawasaplai ya pili inaendelea kuilisha, nikasubiri hadi taa zote zikazima, kisha nikarudisha umeme kebo ya mtandao ikiwa tayari mahali pake. Laptopu yangu, niliyokuwa nimeiweka igawe anwani, ikaiona papo hapo.

Nywila ilikuwa kwenye kibao kidogo cha kuvuta upande wa mbele. Zamani ungejaribu jina na nywila zilezile za kiwandani ukaingia, lakini tangu Januari 2020 sheria ya jimbo la California inataka kila kifaa cha kuunganishwa mtandaoni kiwe na nywila yake ya pekee, au kimlazimishe mtumiaji kuweka mpya. Watengenezaji wakubwa wa seva walifuata, kwa hiyo usikitupe kibao hicho.

Njia nyepesi ingekuwa kuiachia BMC kazi yote. Kwenye bodi nyingi za seva BMC inaweza kuifikia moja kwa moja chipu inayobeba BIOS, ambayo kwa kawaida ni ya megabaiti 16 au 32, na kuiandika upya seva ikiwa imezimwa. Nilipopakia faili, ukurasa ukanijibu kwamba huduma hiyo inahitaji leseni. Mtengenezaji simtaji, ila kukifunga kifaa cha uokoaji kwa leseni ni uroho mtupu.

Nikaenda kwenye poti ya siriali, ile ya pini 9 ambayo watu huidhania ni masalia. Unahitaji kebo yenye nyaya za kutuma na kupokea zilizopishana, kigeuzi cha USB, na programu ya terminali (dirisha la kusoma na kuandika maandishi matupu) iliyowekwa kasi ya 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kukomesha. Skrini ya VGA huwashwa BIOS ikiwa imeshafika mbali. Siriali haihitaji mambo mengi, hivyo inaweza kusema mapema kabisa. Nayo ilisema. Mistari michache ya herufi ilionyesha kwamba kipande cha mwanzo cha BIOS, kile ambacho usasishaji wa kawaida haukigusi, kilikuwa kizima, kimegundua kwamba sehemu iliyobaki imeharibika, na kilikuwa kinatafuta faili ya kuokolea.

Kuanzia hapo ni kufuata kitabu cha bodi. Flashi iumbizwe kwa mfumo wa faili wa FAT32, wala si NTFS. Faili ibadilishwe jina liwe lile hasa linalotajwa, na ikae nje ya folda zote. Flashi yangu haikuonekana kwenye poti ya mbele. Nilipoihamishia ya nyuma, iliyo kwenye ubao wenyewe, asilimia zikaanza kupanda. Wakati huo huigusi seva hata kama inaonekana imelala. Ingeshindikana kabisa, ningeibana chipu kwa klipu na kuiandika kwa programa, yaani kifaa cha nje cha kuandikia chipu, ila lazima usome namba ya chipu kwanza: zipo za volti 3.3 na zipo za volti 1.8, na ukiipa ya 1.8 umeme wa 3.3 unaweza kuiunguza.

BIOS ilirudi, lakini mfumo endeshi haukuwaka. Mipangilio yote ilikuwa imefutika, pamoja na orodha ya UEFI (mfumo wa kisasa wa BIOS) inayosema diski gani na faili gani ianze. Nikaunganisha faili la ISO, yaani nakala ya diski ya usakinishaji, kupitia BMC, nikaingia Linux na kuiandika upya orodha kwa amri ya efibootmgr. Diski iliyosimbwa nayo ikadai ufunguo wa dharura, na ilikuwa na haki: TPM, chipu ya usalama inayotunza ufunguo wa diski, hupima programu dhibiti kila seva inapowaka, na toleo lilikuwa limebadilika. Ufunguo ulikuwepo, umehifadhiwa nje ya seva hiyo. Usingekuwepo, kazi yote ya siriali na flashi ingekuwa bure.

Sasa poti ya BMC ina kebo ya kudumu, lakini kwenye mtandao wake wa pembeni usiofika intaneti. IPMI 2.0 ina kasoro iliyomo katika usanifu wake wenyewe: yeyote anayeifikia poti ya UDP 623 na kutaja jina sahihi la mtumiaji hupewa heshi ya nywila (alama inayotokana na nywila) kabla hata ya kuingia, akaenda kuibashiri kwa nafasi yake. Hakuna sasisho linaloiondoa bila kuvunja itifaki. Nimeizima, na kazi zote za mbali nazifanya kwa Redfish, itifaki mpya zaidi ya kusimamia seva, iliyoanza mwaka 2015 na hupita kwenye HTTPS.