Ile bahasha ya Ricky

Kibanda cha video mtaani kwetu Temeke, mwishoni mwa miaka ya tisini huko, kilikuwa na sheria moja: steringi hafi. Anaweza akapigwa risasi ya bega, akafungwa kamba, akatupwa mtoni, ila muvi ikiisha lazima awe amesimama. Ndo maana siku waliyoweka Boyz n the Hood kuna watu walitaka warudishiwe shilingi hamsini zao.

Sisi steringi wetu tulishamchagua, alikuwa Ricky. Yaani nani asingemchagua, dogo anacheza ule mpira wao wa Kimarekani, ana mwili, ana mtoto mchanga, mtaa mzima unampenda. Rafiki yake Tre tulimwona mtoto wa geti, baba yake anamhubiria kila saa. Doughboy, ndugu yake Ricky, anayechezwa na Ice Cube, huyo tukamuweka upande wa maadui moja kwa moja maana katoka jela na chupa haimtoki mkononi. Sasa Ricky katumwa dukani, wanarudi na Tre wanapita kichochoroni, wale jamaa wa kwenye gari wanatokea, anapigwa risasi. Banda zima kimya. Jamaa mmoja wa nyuma akasema subirini ataamka tu.

Hakuamka bana.

Halafu kuna kipande mama yake Ricky anafungua bahasha, anasoma karatasi, analia upya. Jamaa aliyekuwa anatutafsiria na maiki (sehemu aliyokuwa haelewi alikuwa anatunga, na alikuwa haelewi sehemu nyingi) akasema mama kaletewa barua ya pole na serikali. Tukakubali, nani angebisha.

Nimekaa na hiyo barua ya pole kichwani miaka kibao. Nimekuja kuirudia ile muvi kipindi nimemaliza form four nasubiri matokeo, kwenye kompyuta ya mshkaji, safari hii na maandishi chini, ndo naelewa. Ile bahasha ni matokeo! Kuna mtu wa chuo kikuu cha USC alishakuja mpaka sebuleni kwao kumwambia Ricky nafasi ya kucheza mpira chuoni ipo, ila kwenye SAT, mtihani wao wa kuingilia chuo, asipungue 700. Na karatasi inasema 710. Kumi za juu. Mama mtu anasoma hiyo namba na mtoto hayupo tena. Mimi mwenyewe hapo nalala sijui nimepata nini, wiki nzima naamka usiku, nikaona hiyo 710 nikafunga kompyuta nikatoka nje.

John Singleton aliyeiandika na kuiongoza alikuwa mtoto wa Los Angeles hukohuko muvi inakotokea, na chuo alichosoma sinema ni hiyohiyo USC. Muvi ilitoka Julai 1991, mwaka uliofuata akawekwa kwenye Oscar upande wa muongozaji bora akiwa na miaka 24, mdogo kuliko wote waliowahi kuwekwa na mtu mweusi wa kwanza kwenye kundi hilo. Hakupewa. Ila ilitengenezwa kwa kama dola milioni sita ikaingiza zaidi ya milioni hamsini, na studio zikiona hela zinakuwa na huruma ghafla, kila mtu akataka muvi ya vijana weusi wa mtaani. Ikaja Juice, aliyocheza Tupac, kule Harlem, ikaja Menace II Society ya mapacha wa Hughes, 1993, na wenyewe walikuwa na miaka 21 tu. Hiyo Menace naiheshimu lakini siirudii, inaniumiza tumbo.

Kabla ya zote hizo kuna Cooley High ya 1975, ya Michael Schultz, nayo nadhani wengi hawajaiona. Chicago, mwaka 1964, wanafunzi wawili wa sekondari, Preach anaandika mashairi na Cochise anacheza basketi. Nusu ya kwanza unacheka tu, wanatoroka shule, wanaiba lifti kwenye mabasi, wanagombania madem. Halafu Cochise anapata udhamini wa chuo kwa sababu ya basketi. Nilivyoona ile barua tu nikajua, nikamwambia mke wangu huyu anakufa. Akaniambia we mchawi. Akafa kweli, kwa kipigo, tena ugomvi wa kijinga kabisa. Miaka 16 kabla ya Ricky! Sasa hivi kwenye muvi za namna hii nikiona posta imefika naanza kujishika kichwa.

Ninayoipenda kuliko zote lakini ni Crooklyn, 1994, Spike Lee na wadogo zake waliiandika pamoja, Brooklyn ya 1973. Humo steringi ni mtoto wa kike, Troy, yuko peke yake kati ya kaka na wadogo wa kiume wanne, baba mwanamuziki asiye na hela, na mama anayeweza kuamsha watoto wote usiku wa manane kwa sababu jiko halijasafishwa. Mama yangu kabisa huyo. Kuna sehemu Troy anapelekwa kwa ndugu kusini na picha inabanwa makusudi, watu wanaonekana warefu wembamba, mpaka kumbi za sinema ziliweka matangazo kwamba mashine sio mbovu. Pale kwetu TV ingekula makofi. Mama yake Troy anakufa kwa kansa, na mwisho ni Troy anayemchana nywele mdogo wake. Kuchana nywele tu, basi.

Juzi nimemwekea mama yangu Boyz n the Hood, maana nilishamsimulia sana habari za bahasha. Nilikuwa nasubiri nimwone akifika kwenye 710. Yeye alikasirika mapema, pale Ricky ameletwa nyumbani kafa na mama mtu anamgeukia Doughboy anampiga, kwamba yeye ndo kayataka. Na toka mwanzo wa muvi ndo hivyo, Ricky anasifiwa, Doughboy anatukanwa. Mama akaniambia, "Huyo mwingine naye si kamzaa yeye?"

Mwishoni Doughboy anamaliza kuongea na Tre, anavuka barabara, anafifia mpaka anapotea kwenye picha na maandishi yanatokea: kesho yake alimzika ndugu yake, wiki mbili baadaye na yeye akauawa. Kule kibandani hayo maandishi hakuna aliyeyasoma. Tulikuwa tushasimama, tunadai hamsini zetu.