Daftari halina majina: siku moja dukani kwangu, Mtwara

Saa 11:20 alfajiri

Mgeni akifika mjini kwetu husalimiwa "Mtwara kuchele", yaani kumekucha. Kuchele yangu mimi ni ngumi tatu kwenye dirisha la duka. Huyo ni mama wa chapati. Anataka ngano kilo mbili, mafuta nusu lita na hamira, na anavitaka sasa hivi, maana wateja wake ni watu wa Feri na wavukao kwenda Msangamkuu, na kivuko hakimsubiri mtu amalize chapati. Mwaka juzi malaria ilinilaza nikashindwa kufungua siku moja tu. Ilimchukua wiki tatu kurudi. Hakuwa na kinyongo, hata uji aliniletea, ila riziki yake aliihamishia kwenye dirisha linalofunguka.

Mafuta nayapima kwa kopo. Nikishamimina, kopo nalishikilia kichwa chini juu ya chupa mpaka tone la mwisho lidondoke. Linachukua muda, na walioko nyuma wanaguna. Waache wagune. Wote macho yako kwenye lile tone, na kila mmoja anajua lake nalo litasubiriwa.

Leo, tone likiwa bado linajivuta, mama wa chapati akaniinamia: "Mama Duka, fundi jana jioni nimemkuta anatoka duka la kule kona. Kabeba kilo ya sukari."

Sikumjibu. Sababu naijua.

Daftari langu la madeni halina jina la mtu hata mmoja. Kuna Kofia Mbili, kuna Bibi Karanga, kuna Baada ya Ijumaa (ndivyo anavyojibu kila nikimkumbusha), kuna Mlango wa Kijani. Mwenye duka la mtaa anajua mambo ya watu kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Anajua nani alikuwa mtu wa kilo na sasa ni mtu wa robo. Anajua nani ananunua pampasi na nyumbani kwake hakuna mtoto. Sasa na daftari nalo liwe na majina, siku likiokotwa itakuwaje?

Juzi nilikwenda kufuata mzigo nikamwachia duka mpwa wangu. Kijana mzuri, kamaliza kidato cha nne, ana haraka ya kuonekana anafaa. Fundi wetu wa cherehani akaja kuchukua sabuni, duka limejaa. Kijana akafungua daftari, akasoma kama mwalimu anayeita mahudhurio: "Mlango wa Kijani, 11,500, tangu mwezi wa saba!" Na mtaani kwetu mlango wa kijani ni mmoja tu.

Saa 12:40 asubuhi

Watoto wa shule. Kalamu, daftari, biskuti, kiwembe cha kuchongea penseli. Hapa ndipo wazazi wanaponipima bila kufika. Mtoto akitumwa na elfu mbili, chenji naifunga kwenye kipande cha karatasi, juu yake naandika kilichonunuliwa na kilichobaki. Mama akifungua kule nyumbani anasoma, hana haja ya kumhoji mtoto wala kunihoji mimi.

Na pipi kwangu si chenji. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu linaniudhi. Hamsini zimekuwa adimu, sikatai, lakini ukimpa mtu pipi mahali pa hamsini yake umemuuzia kitu ambacho hakukiomba. Ukimfanyia hivyo mara nne kwa wiki anakaa kimya, siku ya tano anakuchoka na hajui hata kwa nini. Mimi hamsini zangu nabadilishiwa kila Ijumaa na mzee anayehesabu sadaka msikitini. Zikiisha, kuna kipande cha boksi nimekibandika ukutani, naandika nadaiwa na nani. Hilo boksi lina majina kamili. Deni langu mimi si siri.

Pipi nampa mtoto baada ya chenji kamili kuwa mkononi mwake. Hiyo ni nyongeza, na nyongeza ina utamu mwingine.

Saa 3 asubuhi

Kuna mpangaji mpya nyumba ya nyuma, nasikia yuko kiwanda cha saruji. Ameingia na kimizani chake cha kuning'iniza, kile cha wavuvi, amekishika wazi bila aibu. Kanunua sukari robo, kaitundika palepale mbele ya watu. Gramu 250 na ushee kidogo. Akacheka, akasema kule alikotoka aliibiwa sana. Nikamwambia kesho aje nacho tena, na keshokutwa.

Mizani yangu uso wake nimeugeuza kwa mteja. Mimi ndiye ninayechungulia. Stika ya Wakala wa Vipimo ipo, maana mizani ya biashara lazima ihakikiwe kila mwaka, lakini stika ni ya mgeni. Mwenyeji anaangalia kidole chako kiko wapi. Anaangalia pia mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi huja na vikapu, na asiye na kikapu namwekea kwenye kaki. Kaki ina uzito wake. Naiweka tupu kwanza, nasoma, ndipo namimina. Gramu zenyewe ni chache mno, hakuna atakayezigundua. Ila akiziona zinatolewa hataacha kuzisimulia.

Saa 5

Gari la jumla limekuja. Katoni za sabuni, unga, sukari mifuko miwili. Bei ya sukari imepanda tena kidogo, kwa hiyo risiti ya jumla nimeipachika ukutani kwa pini.

Hilo la risiti nilijifunza 2024. Mapema mwaka ule sukari iliadimika nchi nzima, na mtaani kila mwenye duka akawa mwizi machoni pa watu. Duka moja jirani lilikuwa nayo, likaificha likisubiri bei ipande zaidi. Mimi nilibandika risiti, kila mtu aone nimenunua kwa ngapi na nimeongeza ngapi, na nikauza robo moja kwa kila nyumba, hata kwa mwenye uwezo wa kuchukua mfuko mzima. Walinuna wenye uwezo. Mwezi wa tano Kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara ya Dar ikakatika, malori yakakwama. Safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini bei imepanda. Walikuwa wanasoma ukutani.

Saa 7 mchana

Babu mmoja, shamba lake la mikorosho liko upande wa Tandahimba, amekaa kwenye benchi robo saa nzima akizungumzia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na bei ya salfa, dawa yake. Najua kilichomleta. Sisi huku mwaka una miezi ya pesa na miezi ya maneno, na mwezi wa tisa ni wa maneno. Korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka, minada haijafunguliwa.

"Mwanangu, niandikie sukari kilo moja na mche wa sabuni. Mpaka mnada wa kwanza."

Shida ni kwamba mnada wa kwanza hauna tarehe mfukoni mwa mkulima. Korosho inapimwa chama cha msingi, inakwenda ghalani, inapigwa mnada, mnunuzi analipa, makato yanatoka, ndipo hela inaingia benki kwenye akaunti ya mkulima. Hapo katikati mna wiki kadhaa, na mimi sukari nimeinunua taslimu leo saa 5. Msimu wa 2018 serikali ilipochukua ununuzi kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tulishangilia wote, mimi zaidi ya wakulima. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, malipo yakawa yanadondoka kidogo kidogo. Daftari langu la mwaka ule lilijaa mpaka jalada la nyuma, na duka likabaki na chumvi na viberiti. Wengi walilipa, wengine mwaka uliofuata. Wawili walihama mtaa, na kinachoniuma kwao si hela. Mmoja wao alikuwa akinilelea mwanangu.

Tangu hapo kila nyumba ina kikomo chake, nacho sikihesabu kwa kalamu. Najiuliza: hela hii isiporudi kabisa, nitaweza kumsalimia huyu mtu kwa moyo mmoja? Kwa babu, kilo ya sukari naweza. Kilo tano siwezi. Nikamwandikia kilo moja na sabuni.

Akanishukuru, kisha akapunguza sauti: anazo kilo kama kumi za korosho nyumbani, kwa nini nisizichukue kwa bei yangu, deni liishe? Hiyo ndiyo kangomba. Sheria inaikataza, lakini hata isingeikataza nisingeigusa. Mwenye shida akikupa korosho kwa bei ya njaa, msimu ukifunguka atasikia wenziwe wamepata ngapi kwa kilo. Kila akipita dukani kwako ataona zile kilo zake kumi zimekaa kwenye shelfu.

Kuna wenzangu wamebandika "Kukopa harusi, kulipa matanga". Mimi sijabandika. Watu thelathini wanaolipa watausoma kila siku kwa kosa la watu wawili.

Saa 9 alasiri

Duka limepoa. Nimemwachia kijana kwa sharti moja, daftari lipo kwapani kwangu, nikavuka barabara kwenda kwa fundi. Cherehani inalia, anamalizia sare za shule. Nikamwomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwachia mtoto kitu kisicho cha mtoto.

"Hakuna neno, dada," akasema, macho kwenye mshono.

Mtu wa pwani akikuambia hakuna neno, jua neno lipo na limekaa kitako.

Saa 10 jioni

Wa kutoa na kuweka hela kwenye simu. Bibi mmoja ametumiwa na mwanawe aliyeko Dar, kanipa simu, kisha akaanza kunitajia namba ya siri mbele ya watu watano. Nikaziba masikio kama mtoto anayeogopa radi. Watu wakacheka, naye akacheka. Nikamwita mjukuu wake aje ambonyezee. Ingekuwa haraka kubonyeza mwenyewe, kila siku ananiomba hivyo. Lakini siku hela yake ikipotea, hata akiipoteza mwenyewe, mtaa utakumbuka nani alikuwa anaijua ile namba.

Saa 1 usiku

Hapa hakuna cha kusimulia, ni mikono tu. Nyanya ya kopo, mafuta robo, unga, dawa ya mbu, vocha, umeme wa Luku, ndimu, mafuta robo, mafuta robo. Kijana wangu anapima, mimi napokea. Nimemfundisha kunong'ona. Mtu akisema "niandikie", anaitikia "haya mama" kwa sauti ileile anayomwitikia aliyelipa. Leo amefanya hivyo mara tatu bila kukosea.

Katikati ya msongamano fundi akaingia. Watu wakampisha, maana wote juzi walikuwepo. Akaweka kwenye kaunta noti moja ya elfu kumi na moja ya elfu mbili.

"Hesabu yangu hiyo. Futa."

Nimeuza duka hili miaka kumi na nne, sijawahi kuumizwa na deni lililolipwa kama lile. Anayekudai au unayemdai mna sababu ya kuonana. Aliyefunga hesabu mchana kweupe, mbele ya watu, anakuaga. Nikampa mia tano yake, akaipokea kwa ncha za vidole. Benchi ambalo huwa anakaa kupoza miguu hakuligusa.

Nikafuta. Mpwa wangu alikuwa anatazama sakafu.

Saa 3:15 usiku

Nimeshateremsha shata nusu, niko ndani nafunga robo robo za sukari kwa ajili ya asubuhi, nikaona miguu midogo nje. Mtoto wa fundi, ana mia tano mkononi, ileile nadhani.

"Shikamoo. Mama anataka sindano ya cherehani. Yake imevunjika na nguo za watu zinatakiwa kesho."

Sasa, sindano usiku haiuzwi. Mnaweza kunicheka, lakini mama mkwe aliyeniachia kaunta hii hakuiuza, na wengi wa rika langu hapa mtaani hawainunui. Fundi analijua hilo vizuri kuliko mimi. Na duka la kona lilikuwa wazi bado, taa yake naiona kutoka hapa.

Nikatoa sindano kwenye pakiti, nikaichoma kwenye kipande cha boksi isimchome mtoto, na mia tano yake nikamrudishia.

"Mwambie mama usiku siuzi. Hii nimemwazima. Kesho atanipa."

Akakimbia. Nikasubiri nikisikiliza, mpaka cherehani ikaanza kulia tena upande wa pili wa barabara.

Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika: sindano moja. Mlango wa Kijani sikuliandika tena, hilo limeshakufa. Nimempa jina jingine, na safari hii hata mpwa wangu simwambii.