Lushoto kwa siku tatu: pa kufikia na pa kuacha

Ukitoka Dar na una siku tatu tu, hesabu saa za barabarani kabla ya kuangalia picha. Basi la Lushoto, mji wa milima ya Usambara, linaweza kula saa sita hadi nane, na kutoka Mombo, chini ya milima, unapanda kona kwa kona zaidi ya kilomita 30. Mwenye kichefuchefu akae mbele, asijaze tumbo. Kwa hiyo Mtae, kijiji kilicho mbali zaidi baada ya Lushoto, japo panapendeza kuliko kote, paache: kwenda na kurudi kutakumalizia siku.

Fikia Lushoto mjini. Irente, penye genge la kutazamia mandhari, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu, na ukingoni unaona tambarare za Umasaini chini kabisa. Watu hukimbilia huko alfajiri wakakuta ukungu mtupu, afadhali alasiri. Asubuhi ipe msitu wa Magamba, ambako kuna kiingilio na unahitaji mwongozaji, maana vijia vya wakata kuni vinafanana na njia yenyewe na ndivyo vinavyopoteza watu.

Machi hadi Mei udongo mwekundu unateleza kama sabuni, hasa wakati wa kushuka. Raba zenye soli iliyolika ziache nyumbani. Juni hadi Agosti njia ni kavu, ila mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari: sweta moja halitoshi usiku. Chumba ulizia mablanketi kwanza, wi-fi baadaye. Maji, lita mbili kwa mtu.