Maua ya sukari ya waya, nilipofikia mpaka sasa

Haya wapenzi wa keki, nilisema nitawaletea habari za maua. Oda ni keki ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulisha mchumba nyumbani kwa bibi harusi), naipikia huku Entebbe inaliwa Masaka, na matuta ya njia ile mnayajua wenyewe, kwa hiyo nataka ua zuri lakini kwanza lifike.

Nimeweka mawaridi pembeni nahangaika na yungiyungi, petali sita na kila moja ina waya wake. Watu wengi wakitaka ua gumu wanaongeza CMC (unga wa kukaza sukari) au wanaacha petali nene, mi siafiki kabisa. Petali nene inaonekana kama ndala na bado inakatika, na CMC ikizidi pesti (donge la sukari la kutengenezea maua) inakukaukia mikononi, kingo zinapasuka hata hujakunja. Naweka kijiko cha chai kimoja kwa fondanti (sukari laini ya kufunikia keki) gramu 250, mafuta mgando kidogo, nafunga kwenye nailoni inalala mpaka asubuhi, bas.

Nguvu iko kwenye waya. Geji ndo kipimo cha unene wa waya, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, petali natumia 26, stameni (vile vijiti vyenye kichwa katikati ya ua) 30, shina 20. Ukisukuma pesti acha mgongo katikati, waya unapita humo humo, ncha nimeipaka gundi (CMC kwenye maji mpaka iwe kama ute wa yai) lakini iwe na unyevu tu, ikilowa chapachapa pesti inayeyuka kwa ndani na waya unabaki unazunguka bure. Wengine wanaingiza theluthi ya petali, mi kwa yungiyungi nafika nusu maana ni ndefu, halafu nafinya pale chini mpaka ishike.

Kukauka ndo kesi sasa. Ziwa liko hapa hapa, mvua hizi za Machi mpaka Mei, na sukari inavuta unyevu wa hewa, jioni petali kavu asubuhi imelegea. Nazilaza kwenye trei za mayai zipate mkunjo, feni inapiga, zikikauka zinaingia kwenye katoni. Friji hapana jamani! Ukizitoa zinatoka jasho na rangi inachuruzika.

Kufunga: stameni sita zinazunguka pistili (kijiti cha katikati kabisa), petali tatu, kisha tatu nyingine kwenye mianya. Tepu ya kufungia maua uivute kwanza ndo inanata. Kinachovunja maua garini ni sukari kugonga sukari, kwa hiyo naachia nafasi kidogo kati ya petali, waya unayumba zenyewe hazigusani. Ua nikishalipaka poda ya rangi nalipitisha kwenye mvuke wa birika sekunde chache tu rangi inashika.

Tawi la majaribio nimelichomeka kwenye stairofomu ndani ya boksi, tukapanda teksi mpaka Kampala na kurudi, kiti cha nyuma kabisa makusudi. Petali zote salama, stameni moja tu kichwa kimedondoka, kwa hiyo sasa ncha za stameni nazipinda ziwe kama T ndo navalisha kichwa.

Masaka maua yataenda na boksi lake, nayachomeka kule kule. Waya haugusi keki, unakaa ndani ya mrija uliozibwa chini, na mama mwenye sherehe nimeshamwambia watoto wasiyatafune. Yamebaki machipukizi na majani, hayo wiki ijayo umeme ukikubali.