Jumanne ya mwalimu wa uhasibu kwenye chuo cha Kikristo

Watu wakisikia nafundisha chuo cha Kikristo, huniita mchungaji na kudhani wanafunzi wangu hufaulu kwa kufunga na kuomba. Mimi ni mhasibu. Hii hapa Jumanne yangu.

Saa 12 asubuhi niko kwenye taksi kutoka Kireka kwenda Mukono, hapa Uganda, naomba Bweyogerere pasiwe na foleni. Ombi hilo halijibiwi.

Saa 2, kipindi cha kwanza: kimya cha dakika moja, sala fupi, kazi. Mtawa wa Kifransisko Luca Pacioli, aliyechapisha maelezo ya hesabu za pande mbili huko Venice mwaka 1494, alishauri daftari lianze kwa jina la Mungu. "Kumbe kama bismillahi," akasema binti mmoja wa Kiislamu. Darasa likacheka, tukaingia kwenye debiti.

Saa 4, ukaguzi wa hesabu. Hapa ndipo napapenda. Kwenye uamsho wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini kule Rwanda na huku kwetu, Walokole waliungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Basi nikauliza: mfanyakazi akirudisha leo jembe aliloiba zamani, na vitabu vya hesabu vilishalifuta, utaliandika wapi? Wakabishana mpaka kengele ya ibada ya mchana. Hakuna aliyesinzia.

Halafu, saa 8, mlango ukagongwa.

Kijana ana alama 44, pasi ni 50, na Biblia mkononi. "Madamu, si unatufundisha neema?" Akanifungulia Mathayo 20, yule mkulima aliyewalipa walioajiriwa saa kumi na moja dinari sawa na wa asubuhi. Alijiandaa vizuri, nikatamani angejiandaa hivyo kwa mtihani. Nikamwambia avute kiti, tukapitia karatasi yake swali kwa swali. Urari, yaani orodha ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane, ulikataa kulingana kwa shilingi 300,000, naye chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, akaongeza mstari: "Nyinginezo, 300,000". Ukalingana.

"Huyu Nyinginezo ni nani?"

Kimya.

"Serikalini fedha hupotelea kwa huyuhuyu."

Akasema muda ulikuwa umekwisha. Akasema ada analipiwa na mjomba. Yote huenda ni kweli, na mimi nimechoka, foleni ya wenye shida inarefuka koridoni. Alama sikubadilisha. Nilimpa muda wangu wa saa moja kesho afanye urari upya mbele yangu, kabla ya mtihani wa marudio. Akaomba tufunge kwa sala, nami sikatai sala. Akasali kirefu, Bwana ailainishe mioyo migumu ya wahadhiri. Nikaitikia amina.

Vipindi vya jioni sivikumbuki vizuri. Nilifika nyumbani miguu imevimba, karatasi za kusahihisha zimejaa mfuko. Niko kwenye ya tatu au ya nne, simu ikalia: "Madamu, kesho si tukutane saa 4?"

Nikamjibu: "Saa 2. Uje na leja yako."